Kusikika Hakuivishi Ugali

Jamani, leo tuambiane ukweli, hata kama kuna watakaonuna.

Kila kituo cha redio cha mjini kinapotimiza miaka kadhaa, tunakalishwa kitako tusikilize hadithi ileile. Hapo kale alikuwepo mtu mwenye maono. Akanunua mitambo, akapata leseni, akasimamisha mnara, na tangu siku hiyo vijana wa Bongo wakapata pa kusemea. Keki inakatwa, wadhamini wanashukuriwa mmoja mmoja, mkurugenzi anafuta machozi kidogo, kisha linapigwa tangazo la sabuni. Mimi husikiliza mpaka mwisho nikingoja kusikia watu fulani wakitajwa. Mpaka sherehe inafungwa hawajatajwa! Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nitasimulia ya kituo kimoja, Radio One ya Dar es Salaam. Nimekichagua kwa sababu kilianza 1994, mwaka niliozaliwa mimi, kwa hiyo sisi ni marika. Tena ni miongoni mwa redio binafsi za kwanza kabisa Tanzania Bara, na desturi nyingi za biashara hii, nzuri na mbaya, ama zilianza zama zile ama zilikomaa zama zile. Sina kesi nacho. Sijawahi kufanya kazi kwao wala kunyimwa kazi nao. Kesi yangu ni na ile hadithi ya keki.

Basi turudi nyuma kidogo, maana keki haikuanza na sukari.

Redio upande wa Bara ilianza 1951 ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, kajimradi ka serikali ya mkoloni. Mwaka 1956 kakawa shirika la utangazaji la Tanganyika, na 1965 serikali ya uhuru ikalichukua mkononi mwake. Hapo ndipo tukapata Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD ya wazee wetu. Kuanzia hapo, kwa karibu miaka 30, ukiwasha redio Bara ulikuwa na sauti moja, labda uvizie BBC au Deutsche Welle usiku kwenye masafa mafupi huku mdogo wako ameshikilia antena dirishani. Televisheni ndiyo kabisa. Unguja walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, yenye rangi, na sisi wa Bara tulingoja mpaka 1994.

Vijana wenzangu wakisikia RTD wanafikiria hotuba na matangazo ya vifo. Waulizeni wazazi wenu! Kulikuwa na Mama na Mwana ya watoto. Kulikuwa na Pwagu na Pwaguzi, watu wakicheka hadi chai inamwagika. Kulikuwa na Malenga Wetu, ambamo shairi la mtu asiyejulikana hata mtaani kwake lilighanwa na nchi nzima ikanyamaza kusikiliza vina. Na muziki je? Kwa miaka mingi studio ya RTD kule Barabara ya Pugu ndiyo ilikuwa studio ya taifa. NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Mlimani Park, wote walipita pale.

Sitaki kuwadanganya kwamba ilikuwa peponi. Wimbo ulipitiwa kwanza na kamati, na kamati ikikunja uso, wimbo umekwisha. Bendi ikirekodi ilipewa kitu kidogo, basi, na wimbo ukapigwa miaka ishirini bila mtu kumkumbuka mtunzi ila siku ya msiba wake. Na vijana walipoanza kurap, wazee wale waliona uhuni wa Kimarekani tu. Mlango ulikuwa mmoja na karani wa serikali ndiye aliyekaa na funguo. Anayeililia RTD kana kwamba ilikuwa mama mzazi, amesahau makofi yake.

Lakini shikeni jambo moja hapo: RTD ilikuwa shule. Pale mtu alifundishwa kutamka, kupumua, kuandika habari isiyo na mafuta, kutangaza mpira mpaka kipofu akauona. Shule hiyo ililipiwa na pamba ya Shinyanga na kahawa ya Kagera. Ilikuwa yetu wote.

Halafu dunia ikageuka. Wakati wa Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, mambo yalianza kufunguliwa moja baada ya jingine. Azimio la Zanzibar la 1991 likawaruhusu viongozi yale ambayo Arusha iliwakataza tangu 1967. Mwaka 1992 vikaja vyama vingi. Na 1993 ikapita Sheria ya Huduma za Utangazaji, ikaunda tume ya kutoa leseni, na kwa mara ya kwanza mtu binafsi akaruhusiwa kuwa na redio yake. Kwa masharti, bila shaka. Kufika nchi nzima kulibaki kwa RTD, maana serikali inapotoa ruksa huwa imebaki na kipande cha kamba mkononi.

Reginald Mengi akaingia. Huyu alikuwa mhasibu kwa taaluma, na katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2018, mwaka mmoja kabla hajafariki, alieleza kwamba biashara yake ilianza kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake. Kalamu! Sisi tunaoandika tumkumbuke angalau kwa hilo. Kutoka kalamu akaenda kwenye sabuni na soda na maji ya chupa, na 1994 kampuni yake ya IPP ikawasha vyote viwili, televisheni ya ITV na Radio One.

Nampa haki yake. Kuweka fedha kwenye redio wakati ule, hujui serikali itaamkaje kesho, kulihitaji moyo. Lakini swali langu la kwanza ni hili: alipowasha ule mtambo, nani aliyesema? Ukiwa na mashine tupu unasikika mvumo tu. Waliosema ni watu kama Julius Nyaisanga, yule Uncle J, na Charles Hilary, ambaye akitangaza mpira ulikuwa huhitaji tiketi ya uwanjani. Wote wawili wametangulia mbele ya haki, Nyaisanga 2013 na Hilary 2025. Na walitoka wapi? Barabara ya Pugu! Tajiri alinunua mitambo, lakini sauti alizikuta zimeshapikwa, zimeungwa nazi, kwa gharama ya mkulima ambaye pengine redio hiyo mpya haikumfikia hata kijijini kwake. Siku ya keki, mkulima huyo hupewa kipande gani?

Tuache hilo, maana wapo watakaosema kila mwajiri huchukua watu waliofunzwa na mwingine. Sawa. Twende kwa vijana.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini rap ilikuwa jambo la shuleni na kwenye madisko. Mwaka 1991 Saleh Jabir aliuchukua wimbo wa Vanilla Ice akauvika Kiswahili, watu wakashika vichwa. Mwaka 1993 Kwanza Unit wakaungana. Walikuwa na mashairi, walikuwa na mashabiki, hawakuwa na redio. Ndipo Radio One ikaanzisha DJ Show, kwanza chini ya Taji Liundi, baadaye Mike Mhagama. Kipindi kile kilifanya jambo ambalo RTD haikulifanya: kilipokea kanda za vijana wa mitaani na kuzipiga. Hakikuulizia kamati.

Inasimuliwa kwamba 1996, Mhagama akiwa hewani, alikuwa amepiga wimbo wa Blackstreet wa Marekani, kisha akataka kuupiga wa Unique Sisters, wasichana wa hapahapa. Akatafuta neno la kutenganisha ladha ya kule na ladha ya huku, likamtoka: Bongo Flava. Neno limetupwa tu hewani kati ya wimbo na wimbo, na leo ni jina la biashara inayojaza viwanja vya mpira kutoka Mtwara hadi Mwanza na kuvuka mpaka kwenda Nairobi, Bujumbura na Lubumbashi. Mimi nikikaa na kulitafakari jambo hili huwa nafurahi kama mwandishi. Neno moja la kienyeji lililosemwa mahali pake limefanya kazi ambayo kamati ya watu thelathini isingeifanya kwa miaka mitatu.

Sasa, mjomba wangu. Mjomba alikuwa mmoja wa wale vijana wa kanda. Hakufika mbali, msijisumbue kumtafuta. Kati ya 1997 na 1999 alirekodi nyimbo mbili, ya pili kwa fedha alizouza baiskeli, akaipeleka kwenye redio mojawapo ya wakati huo, kanda ikiwa ndani ya mfuko wa rambo ili isiloe. Aliwekwa chini ya mti mpaka saa tisa. Siku wimbo ulipopigwa alikuwa Keko kwa fundi viatu, akaacha kiatu kimoja pale akakimbia mtaa mzima akipiga kelele kwamba ni yeye. Ulipigwa kwa miezi. Watoto waliuimba. Juzi nikamuuliza, "Mjomba, ulilipwa nini?" Akacheka. "Nililipwa jina. Na daladala nilipanda bure mara mbili, konda alinijua."

Mjomba leo ni seremala palepale Keko, anatengeneza vitanda. Nikamuuliza tena, "Mteja akija akasema, nipe kitanda, sitalipa, ila nitalala juu yake na kila mgeni atakayekuja nitamwambia umekitengeneza wewe, utampa?" Akaniangalia kama mtu aliyepandwa na homa.

Basi ndugu zangu, kitanda hakitoki, lakini wimbo ulitoka! Ulitoka mmoja, ikatoka mia, ikatoka elfu, na saa za redio zikajaa. Hebu tuifungue saa moja ya redio ya biashara ya zama zile tuone ndani mna nini. Mna nyimbo za vijana, za bure. Mna salamu. Na salamu zilikwendaje? Msikilizaji alinunua kadi, akakaa na taa ya chemli akaandika majina ya shangazi na wajomba na wote wanaomfahamu, akaituma kwa nauli yake, mtangazaji akasoma. Yaani mtu alilipa ili aifanyie redio kazi! Desturi hii ilikuwepo tangu RTD, siwabebeshi watu binafsi peke yao. Mna barua za wasikilizaji za mapenzi yaliyovunjika, zilizoandikwa vizuri kuliko riwaya nyingi za dukani, zikisomwa na kutolewa ushauri. Bure. Na katikati ya vyote hivyo, kila baada ya dakika chache, sabuni, soda, bia. Hayo ndiyo yaliyolipwa. Sabuni ilimlipa mwenye redio kwa sababu sisi tulikuwa tunasikiliza, na tulikuwa tunasikiliza kwa sababu ya kanda ya mjomba na kadi ya shangazi.

Historia ya redio za biashara ndiyo hiyo. Ukiitoa mle ndani kazi ya bure, unabaki na mnara.

Na msidhani nazungumzia vijana wa rap tu. Marijani Rajab, Jabali la Muziki, mtunzi ambaye nyimbo zake zilikuwa zikipigwa karibu kila wiki kwenye vipindi vya zilipendwa, miaka yake ya mwisho aliuza kanda kwenye kibanda mbele ya nyumba yake. Akafa 1995. Radio One ilikuwa na mwaka mmoja, RTD ilikuwa na thelathini. Jumba la muziki wake lilikuwa na milango miwili sasa badala ya mmoja, na yeye alikuwa nje ya yote miwili, juani, anauza kanda.

Sheria zilikuwepo? Zilikuwepo. Ya hakimiliki ya zamani ni ya 1966. Ya sasa ilipitishwa 1999, na chini yake kikazaliwa chama cha hakimiliki, COSOTA. Imeandikwa wazi kwamba kazi ya mtu ikitangazwa hewani, mtu ana haki yake. Sasa hesabuni nami. Sheria ni ya 1999. Mgao mkubwa wa kwanza wa mirabaha ya nyimbo zilizopigwa kwenye redio na televisheni ulifanyika Januari 2022, na ulifanyika baada ya Rais Samia mwenyewe kutoa agizo. Miaka 22 na ushei! Mtoto aliyezaliwa siku sheria inapita alikuwa ameshamaliza chuo na anatafuta kazi. Na kilichogawanywa siku hiyo? Kama shilingi milioni 312, kwa wasanii zaidi ya elfu moja. Gawanyeni. Hata kama mgao ungekuwa sawa kwa sawa, haifiki laki tatu na nusu kwa mtu. Godoro moja la maana, labda na mito miwili.

Nilisema sitaki kununiwa bure, kwa hiyo ngoja niseme na linalonihusu mimi na ninyi mnaosoma jarida hili, maana hapa wengi wetu hatuimbi. Tunaandika. Sisi wa hadithi na mashairi na michezo tulikuwa tunawatazama wanamuziki wakigombana na redio, tukajisemea kwamba hayo ni ya kwao. Mwaka 2011 Sugu, wakati huo ni mbunge wa Mbeya Mjini tayari, na wenzake walitoa mkusanyiko wa nyimbo wakauita Anti-Virus, wakilalamikia nguvu ya redio juu ya maisha ya msanii. Sisi tukaona ni bifu, tukajadili vijiweni nani kamchana nani. Hatukuona kwamba moto ule unatembea kuja kwetu.

Kwangu ulifika 2019. Niliandika mchezo wa redio, sehemu tano za dakika kumi kumi, habari za konda na mama ntilie wa Tandika wanaogombea kijana mmoja, mmoja amwoze binti yake na mwingine amtoe kwenye madawa. Miezi minne niliifanyia kazi. Nilipanda daladala za Tandika na Mbagala asubuhi bila safari yoyote, nisikilize makonda wanavyosema. Nikaupeleka kwenye kituo kimoja cha hapa mjini, jina naliacha. Wakaupenda! Wakasema, "Tuachie, tutakujulisha." Wiki ya tatu, jirani ananiambia, "Mbona kuna mchezo redioni unafanana na ule wako uliokuwa unatusomea?" Ukarushwa siku tano, umedhaminiwa na kinywaji. Waigizaji walitajwa. Kinywaji kilitajwa mwanzo, katikati na mwisho. Mwandishi hakutajwa.

Nikaenda. Mtayarishaji alikuwa kaka mwenye heshima zake, akanikaribisha kiti na maji, akaniambia maneno ambayo nimeyahifadhi kama aya. "Mdogo wangu, unajua dakika moja ya hewani hapa tunauza shilingi ngapi? Wewe tumekupa hamsini. Ukipiga hesabu vizuri, wewe ndiye unadaiwa."

Jamani! Nilitoka pale karibu nimwombe msamaha. Nilishuka ngazi nikipiga ile hesabu kweli, mpaka nikafika kituoni. Nyumbani mama alikuwa anachagua mchele. Nikamweleza kwamba mchezo wangu umesikika mji mzima. Akafurahi sana, akaniita mwanangu mwenye akili, kisha akauliza bila ubaya wowote, "Kwa hiyo leo umekuja na nini?"

Najua majibu yao, nimeshayasikia yote. La kwanza: bila redio nani angewajua? Ni kweli, na nimekwisha kuisifu DJ Show hapo juu. Lakini geuzeni sentensi. Bila kanda zile, redio ingepiga nini? Ingepiga Blackstreet na nani atanunua sabuni ya hapa kwa Blackstreet? Mwenye shamba na mwenye jembe wanahitajiana, lakini mwenye jembe hapelekwi nyumbani na asante.

La pili, wanasema redio ni biashara, si chama cha hisani. Haya ndiyo ninayoyapenda kuliko yote! Kama ni biashara, mbona umeme unalipiwa? Siku LUKU ikiisha, mkurugenzi humwambia TANESCO kwamba atawatangaza? Dizeli ya jenereta inalipiwa, mlinzi analipwa, wa chai analipwa ingawa kwa kuchelewa. Katika bidhaa zote zinazoingia mlango wa redio, ni moja tu inayoombwa iingie kwa mapenzi, na ndiyo hiyohiyo inayouzwa.

La tatu ni la kwetu waandishi hasa: eti michezo na hadithi hazina wasikilizaji, watu wanataka muziki na mpira na umbea. Aliyesema hivyo hajui historia ya kazi yake. Mwaka 1993, mwaka uleule wa sheria, RTD ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wenye dereva wa lori aitwaye Mkwaju na mkewe Tunu, habari za ukimwi na uzazi wa mpango. Watafiti waliutaka ushahidi kiasi kwamba eneo la Dodoma liliachwa bila mchezo ule mpaka 1995, ili walinganishe waliosikia na wasiosikia. Na tofauti ikaonekana, kwenye mambo ya uzazi wa mpango na kinga. Watu walibadili mambo ya chumbani kwao kwa sababu ya mchezo wa redio! Sasa niambieni tangazo gani la soda limewahi kufanya hivyo. Wasikilizaji wapo. Kilichokosekana ni mtu wa kulipia maandishi, maana michezo ya aina ile ilitegemea fedha za wafadhili, na wafadhili wakikunja virago, redio ya biashara hairithi. Inaona ni rahisi kumweka mtangazaji mmoja na simu, apige soga saa tatu kuhusu mke wa mtu.

Na hapa niseme la upande wetu, maana kumlaumu mwenye mnara peke yake ni uvivu. Nani aliyewazoesha? Sisi! Tumekuwa watu wa "naombeni sapoti". Mwandishi wa Bongo akiingia ofisi ya watu anaingia kiubavubavu kama anayeomba maji. Hatutaji bei. Tunaona aibu kutaja bei, kana kwamba sanaa ni sadaka na anayeidai fedha ameitia najisi. Tunasifiana hapa kwenye jarida, tunapeana vyeo vya malenga na manju, kisha tunakwenda kuacha muswada mapokezi bila hata karatasi ya kusainiwa kwamba umepokewa. Mjomba hatoi hata stuli namna hiyo.

Ninachokitaka si mapinduzi. Nataka jina la aliyeandika lisomwe hewani, kama linavyosomwa la kinywaji. Nataka karatasi, nusu ukurasa inatosha, ya Kiswahili kinachoeleweka, inayosema mchezo huu ni wa fulani, utarushwa mara ngapi, na ukirudiwa atalipwa nini. Nataka kila redio iweke daftari la ilichopiga na nani alikitunga, siku kwa siku, maana leo kila kitu kimo kwenye kompyuta na kisingizio cha kanda kupotea kimekwisha. Bila daftari hilo hata wagawaji wa mirabaha wakiwa malaika watagawa kwa kukisia. Na siku ya keki, nataka zitajwe zile kanda. Hata kama majina yamesahaulika, waseme tu: mwaka fulani vijana walitujia na mifuko ya rambo, tukawaweka chini ya mti.

Tena msiniambie kwamba redio zinakufa, kila mtu yuko kwenye simu, kwa hiyo ugomvi huu umepitwa na wakati. Kwenye simu ni yaleyale. Umebadilika mnara tu. Kijana anapakia hadithi yake bure, matangazo yanapita juu yake, na anaambiwa amepata wafuasi.

Mwezi uliopita nilimaliza mchezo mwingine. Kabla ya kuupeleka popote nikaenda Keko, nikakaa kwenye maranda, nikamuuliza mjomba anavyopanga bei ya kitanda. Akanieleza kwa kidole: mbao kiasi hiki, misumari na msasa, vanishi, siku zangu nne, umeme wa mashine. Halafu akanyamaza kidogo akaongeza kwamba kuna cha juu, cha mkono wake, kwa sababu kitanda chake hakipigi kelele.

"Na malipo?" nikamuuliza.

"Nusu kabla. Hata awe waziri."

Nimeyaandika maneno hayo mawili juu ya ukurasa wa kwanza, juu ya jina la mchezo, kwa wino mwekundu: nusu kabla. Jumatatu naupeleka.